Mzee anabanwa kifua akibeba korosho: ni gesi kweli?

Pole mdogo wangu. Umesema mzee wako wa Mikindani ana presha, akibeba gunia la korosho kifua kinambana, akikaa kinaachia, na yeye anasingizia gesi. Gesi haichagui kazi! Kifua kinachobana mtu akijituma na kuachia akipumzika, ushuku moyo kwanza. Si lazima kichome. Wengi husema ni uzito tu, kama wamekaliwa kifuani, na unaweza kupanda shingoni na tayani au kushuka mkononi. Akina mama na wenye kisukari wakati mwingine hupata pumzi fupi, kichefuchefu na uchovu tu.

Magunia ayaache leo. Kesho mpeleke hospitali ya Ligula, pale Mtwara, apimwe umeme wa moyo, presha na sukari. Kipimo kikitoka safi, bado mweleze daktari habari ya gunia, maana hapo atapimwa akiwa amelala, si akiwa amebeba mzigo.

Ila akibanwa akiwa amekaa, au kifua kisipoachia ndani ya dakika chache, au jasho la baridi likimtoka, hata kama ni usiku wa manane, mkimbize hospitali. Asiendeshe pikipiki mwenyewe. Aspirini ya miligramu 300 aitafune, kama haimdhuru na hana vidonda vya tumbo. Chai ya tangawizi atakunywa akirudi.