Niliinuka kwenye mbachao bila kutafuta msala mwingine

Ndugu, umeeleza kwamba ni miaka mitatu tangu uiache dini uliyolelewa nayo, kwamba huichukii wala huna hamu ya kuirudia, na kwamba hata jina la mkana Mungu unaliona halikuenei. Kisha umeuliza mambo mawili: kama kutojali huko ni kasoro iliyomo ndani yako, na utamwelezaje mama yako, ambaye hachoki kukuuliza. Nimeishi katika hali hiyo kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, nikianza na la kwanza ingawa la pili ndilo zito.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na mama yangu mwimbaji wa kwaya. Kabla sijajua kusoma sawasawa nilikuwa nimekwisha kukariri Zaburi ya 23 yote, na kila usiku nililala baada ya kupiga magoti. Sikuamini kama mtu aliyesikiliza hoja akaridhika nazo. Niliamini kama mtoto anavyoijua njia ya kwenda kwao. Nilianza kuyumba nikiwa na umri wa miaka kumi na saba, na chanzo hakikuwa msiba wala ubaya wa kiongozi yeyote wa dini. Nilikuwa nimeketi na mwanafunzi mwenzangu wa dini nyingine tukizungumza kuhusu kifo, nikatambua kwamba alikuwa na uhakika uleule niliokuwa nao mimi, na kwamba ameupata mahali palepale nilipoupata wangu, yaani kwa wazazi wake. Jambo hilo dogo halikunitoka tena kichwani.

Zikafuata kama miaka minne ya hasira. Nilisoma sana, nikabishana na kila aliyekubali kubishana, na kila muumini aliyefungua kinywa mbele yangu nilimwona kama mdaiwa anayepaswa kunilipa jibu. Ninaisimulia miaka hiyo ili uelewe kwamba naijua tofauti kati ya hasira na hali uliyoieleza. Aliye na hasira bado yumo ndani ya swali. Mungu anazijaza siku zake kama zamani. Wengi watakwambia kwamba kutojali kwako ni hasira uliyoizika, na mimi, niliyewahi kuwa na hasira yenyewe, nakuhakikishia kwamba vitu hivyo viwili havifanani hata kidogo.

Siku hasira ilipokwisha sikuifahamu. Rafiki mmoja alinitumia rekodi ya mdahalo kuhusu kuwapo kwa Mungu, mdahalo ambao zamani ungeninyima usingizi, nikamwambia nitautazama jioni. Baada ya mwezi mzima aliniuliza nimeuonaje, ndipo nikagundua kwamba sikuufungua na wala sikukumbuka kwamba upo. Nilijichunguza nikitarajia kukuta woga, au majivuno, au huzuni, nikakuta kwamba swali lenyewe halina tena mkono wa kunishika.

Waliowahi kuifikiria hali hii wapo, na wamenisaidia kujielewa. Thomas Henry Huxley, mwanabiolojia wa Uingereza, alipobuni neno agnostiki mwaka 1869, alitaka kumtaja mtu anayesema kwamba jambo hili halijulikani. Lakini mtu huyo bado ameliweka swali mezani na analitazama. Ateisti, yaani mkana Mungu, naye ametoa jibu. Wewe hujatoa jibu wala hukai mezani. Aliyenifaa zaidi ni William James, mwanafalsafa na mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1896, katika mhadhara wa kutetea haki ya mtu kuamini, alitofautisha dhana iliyo hai na dhana iliyokufa. Dhana hai ni ile inayomvuta mtu kiasi cha kumfanya awe tayari kutenda kwa ajili yake. Tena akaeleza kwamba uhai huo haumo ndani ya dhana yenyewe, bali umo katika uhusiano wa dhana na mtu anayeifikiri. Dini isiyokuvuta hata chembe inaweza kuwa ndiyo uhai wote wa jirani yako, na hakuna kati yenu mwenye ugonjwa. Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la kwanza, nami sijaona bora zaidi.

Hata hivyo nataka kuutendea haki upande wa pili, kwa sababu mama yako atausema kwa maneno yake mwenyewe. Pascal, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 17, aliona kuwa mtu asiyejali hatima ya nafsi yake ni kioja cha kutisha, maana kinachowekwa rehani ni umilele. Sisi tuliokulia kanisani tulilisikia onyo hilo pia katika kitabu cha Ufunuo, sura ya 3, pale kanisa la Laodikia linapoambiwa kwamba, kwa kuwa ni vuguvugu, litatapikwa. Nilipokuwa mtoto mstari huo ulinitisha kuliko yote. Leo naona kwamba vuguvugu ni mtu anayekiri kwa midomo asichokithamini moyoni, ilhali mtu wa aina yako hakiri kitu. Na hoja ya Pascal humvuta yule ambaye tayari anaiona jehanamu fulani kuwa inawezekana. Mimi nimeonywa kuhusu jehanamu zaidi ya moja, kila moja ikiwa imeandaliwa kwa ajili ya wafuasi wa dini nyingine, na sikuona njia ya kuziogopa zote kwa pamoja. Sisemi kwamba nimemshinda Pascal. Nasema kwamba maneno yake hayanifikii, kama vile mtu anavyoitwa kwa jina lisilo lake. Niongeze tu kwamba hofu ya moto ilikaa ndani yangu muda mrefu kuliko imani. Kama nawe bado unashtuka usiku, usidhani kwamba hiyo ni dalili ya imani iliyojificha. Ni mazoea ya mwili, nayo hupungua.

Hapa kuna jambo moja ambalo lazima ulipime kwa uaminifu. Kama kutojali kwako kumeishia kwenye dini, ni salama. Kama kumeenea hadi kwenye kazi, marafiki, chakula na watu uliowapenda, basi dini haihusiki, na inawezekana una sonona. Mwone daktari mapema, usilipe jina la falsafa jambo linalohitaji tiba.

Mwandishi wa Marekani Jonathan Rauch, katika makala aliyoandika mwaka 2003 kuhusu hali hii, ambayo huitwa apatheizimu, aliieleza kuwa ni kutokuwa na hamu kubwa ya kushughulikia dini yako mwenyewe, na zaidi ya hapo kutokuwa na hamu ya kushughulikia dini za wengine. Aliiona kuwa ni mafanikio, tunda la jitihada ya kuzitia nidhamu hisia za kidini. Nakubaliana naye kuhusu nusu ya pili, maana kuwaacha wengine na imani yao bila kuwabeza ni jambo nililojifunza kwa jasho. Nusu ya kwanza haikuwa mafanikio yangu. Ilikuja yenyewe, na sistahili sifa wala lawama kwayo.

Lililonitoa jasho lingine ni kubaini vitu ambavyo imani ilikuwa imenibebea bila mimi kujua. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa msamaha. Nilipokuwa mdogo nilikuwa na tabia ya kumtukana kaka yangu mchana, kisha usiku nikimwomba Mungu anisamehe na kulala nikiwa mwepesi kabisa. Kaka yangu hakuwahi kuambiwa neno. Nilikuwa na miaka karibu thelathini nilipotambua kwamba sina tena wa kumwendea usiku ule, na kwamba mtu pekee anayeweza kunisamehe yuko upande wa pili wa simu. Nilimpigia. Alikumbuka matusi ambayo mimi nilikuwa nimeyasahau, na yale niliyoyakumbuka mimi alikuwa ameyasahau, na mazungumzo hayo yalitugharimu machozi sote wawili. Wapo waumini wanaofundishwa wapatane kwanza na ndugu zao ndipo waende kusali, kwa hiyo siilaumu dini. Naeleza namna mimi nilivyoitumia. Shukrani nayo ilinisumbua kwa namna hiyohiyo: kila nilipopona au kuponea chupuchupu, kinywa kilijaa asante nisijue niielekeze wapi. Siku hizi naipeleka kwa mtu aliyehusika, yaani daktari, dereva au mke wangu, na panapokosekana mtu, naiacha ipite.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanyiwa upasuaji. Nikiwa nasukumwa kuelekea chumba chenyewe, niligundua kwamba midomo yangu inasoma Zaburi ya 23. Sikumwomba mtu, wala sikutarajia kusikiwa. Yalikuwa maneno ya mama yangu, kwa sauti ya mama yangu, na yalinituliza. Hapo awali, katika miaka ya hasira, ningejikemea. Safari hii niliyaacha yafike mwisho.

Sasa nije kwa mama yako. Jambo la kwanza ni usalama, na hili nalisema kwa kila anayesoma. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 18, linataja waziwazi uhuru wa mtu kubadili dini yake, lakini ziko nchi ambazo kuiacha dini ni kosa la jinai, na ziko familia ambazo mtoto hufukuzwa. Diderot, mwanafalsafa Mfaransa, alimwandikia mwanafalsafa mwenzake Voltaire mwaka 1749 kwamba kuudhania mmea wa sumu kuwa kotimiri ni jambo zito, ila kumwamini au kutomwamini Mungu si zito hata kidogo. Na mwaka huohuo alifungwa katika ngome ya Vincennes kwa sababu ya maandishi yake. Kama bado unakula na kulala kwa wazazi, au kama maisha yako yatakuwa hatarini, huna deni la kumweleza mtu yeyote lililomo moyoni mwako.

Kama uko salama, basi epuka neno moja: sijali. Mimi nililitumia na bado nalijutia. Katika lugha yetu kumjali mtu ni kumpenda kwa vitendo, kwa hiyo ukimwambia mama kwamba hujali habari za Mungu, masikio yake yanasikia kwamba humjali yeye, magoti yake, na usiku wote aliokesha akikuombea. Shangazi yangu, aliyekuwapo, alinipiga methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo inaona kwamba kila anayeacha mkeka wake mkuukuu amevutiwa na mwingine mpya. Nilijaribu kueleza kwamba hakuna msala mwingine ulionivuta, kwamba nimeinuka tu, nikaona wazi kwamba hilo linamtisha kuliko kama ningehamia dini nyingine.

Mama alisubiri hadi tukabaki wawili. Akaniuliza, “Mwanangu, umemkasirikia Mungu?” Nikamjibu, “Hapana, Mama, sina hasira naye kabisa.” Nilidhani nimempa habari njema. Alikaa kimya, kisha akasema, “Afadhali ungekasirika. Aliyekasirika hurudi.”

Nimeyafikiria maneno hayo kwa miaka mingi, na naona alikuwa amenielewa kuliko nilivyojielewa. Kwa muumini, hasira ni uhusiano uliojeruhiwa, na jeraha linaweza kupona. Kutojali ni mlango ambao nyuma yake hakuna mtu. Kwa hiyo usitarajie kwamba utulivu wako utamtuliza mama yako, na usimdai akufurahie. Mpe nafasi ya kuhuzunika kwa sababu, kwa imani yake, anaamini kwamba amepoteza jambo la milele. Huwezi kuiondoa huzuni hiyo kwa hoja, na ukijaribu utakuwa unambishia mtu aliye katika msiba.

Baba alipofariki, Mama aliniomba niongoze sala, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa baada ya kaka, na kaka alikuwa bado njiani. Nilimwambia, “Mama, nitasimama hapa nikushike mkono mpaka mwisho, ila sala aongoze mdogo wangu.” Niliinamisha kichwa wengine walipoinamisha. Wapo wanaofikiri kwamba kufanya hivyo ni unafiki, nami nawaelewa, lakini sikutamka neno nisiloliamini, na kichwa changu kilikuwa kimeinama kwa ajili ya baba. Waombolezaji walikuwa na maneno tayari ya kusema, nami sikuwa na lolote. Nililokuwa nalo ni mkono wa mama yangu.

Tangu siku hiyo hatujabishana. Hunipigia simu jioni za Jumapili, na kabla ya kukata huniombea kwa sauti, akitaja jina langu, la mke wangu na ya watoto mmoja mmoja. Mwanzoni aliniuliza kama inaniudhi. Nilimwambia aendelee, na nikamweleza kwa nini: katika wiki nzima hakuna mtu mwingine anayetaja majina yetu yote polepole namna hiyo. Hunisubiri niseme amina. Mimi husema, “Asante, Mama,” naye hukata simu.