Kukwaruzwa mfuko wa uzazi kabla ya kupandikizwa mimba

Dada, umeuliza kama ulipie kukwaruzwa ukuta wa mfuko wa uzazi kabla ya kuwekewa kiinitete, yaani mimba changa iliyotungwa maabara, kama ulivyoshauriwa hapo Kisumu. Mimi hizo pesa ningeziweka. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2019, wenye wanawake 1,364 katika nchi tano, ulikuta waliokwaruzwa na wasiokwaruzwa wamejifungua sawasawa: asilimia 26.1 kila upande. Na kale kamrija ka plastiki wanakokwaruzia, usiambiwe eti hutakasikia! Nilirudi Nakuru kwa matatu nimejikunja, leso tumboni, kama siku ya kwanza ya hedhi. Ila kama skani imeonyesha kinyama au uvimbe ndani ya mfuko, hayo ni mengine. Kukiondoa kwa kifaa chenye kamera kunaweza kusaidia. Muulize daktari ameona nini hasa.