Kwa Wadogo Zangu Mnaoshika Kamera Pepe kwa Mara ya Kwanza

Juma lililopita nilikaa nyuma ya chumba chetu hapa Bagamoyo nikiwatazama wanagenzi wawili wakirusha mubashara ziara ya magofu ya Kaole tuliyoyajenga upya katika uhalisia pepe, yaani dunia ya kompyuta inayoonekana kwa miwani maalumu, na kwa dakika 10 nzima sikuona kaburi hata moja likitulia. Walikuwa wakirusha kile kile kilichoonekana ndani ya miwani, badala ya picha ya kamera pepe, ile ya ndani ya kompyuta inayomchorea mtazamaji picha yake. Nilitaka kukemea, nikakumbuka ni nani aliyelianza kosa hilo, nikatoka kwenda kunywa kahawa.

1. Jicho la mvaaji si kamera. Mara yangu ya kwanza niliwatembeza wazee wa mtaa waliokusanyika ukumbini mbele ya projekta. Kila nilipoamkia niliinamisha kichwa kwa adabu, kama nilivyolelewa. Nilipotaja mihrabu niligeuka ghafla. Niliposifu nguzo za makaburi nilikilaza kichwa begani kama mjuzi. Kwangu mimi dunia ilikuwa imetulia, kwa sababu sikio la ndani lilipokea mwendo ule ule ambao macho yaliuona. Wazee walikuwa wameketi vitini bila kusogea, na mbele yao ukuta wa msikiti ukiyumba kama jahazi wakati wa kusi. Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Mwanangu, chombo hiki kinakwenda Unguja?" Watu wakacheka, nami nikadhani wamependa maelezo yangu, nikaongeza mbwembwe. Nilipovua miwani, nusu ya viti vilikuwa vitupu, na bibi mmoja alikuwa ameegemea mlango akinusa ndimu. Nilimwomba radhi, akanijibu kwamba hajambo, ila magofu yenyewe ayaonee huruma Mungu. Usiku ule sikulala.

Basi washeni ulainishaji wa kamera, ule unaotuliza mitikisiko ya kichwa chenu, na mfunge upeo wa macho ili picha isilale upande. Msizidishe, kwa maana kamera iliyolainishwa mno huchelewa, na mkono wenu utakuwa umeshaonyesha kitu na kuondoka kabla picha haijafika.

2. Picha ya miwani inakaribia umbo la mraba, ilhali skrini ya mtazamaji ni ya 16 kwa 9, hivyo juu na chini hukatwa. Kinachoonyeshwa kiwekeni katikati.

3. Kamera inayowatazama kutoka nje, ile inayoionyesha avata nzima, yaani umbo lenu ndani ya dunia ile, ni tamu kwa hadithi, kwani mtazamaji huona mtu na mahali kwa pamoja. Lakini kompyuta inalazimika kuchora mandhari mara nyingine kwa ajili yake. Miwani inayotaka fremu, yaani picha, 72 au 90 kwa sekunde ikikosa hesabu yake, atakayeugua safari hii ni ninyi mlioivaa; punguzeni kwanza ubora wa kamera hiyo, msiguse wa miwani. Tena iangalieni inapowafuata nyuma. Yangu iliwahi kupenya ndani ya nguzo ya kaburi na kubaki humo huku nikieleza historia kwa bidii, watazamaji wakitazama weusi mtupu.

Yule mzee wa jahazi bado huja. Kabla sijavaa miwani hukohoa kidogo, kisha huniuliza mbele ya wageni wote kama leo bahari ni shwari.