Maswali na majibu: Mtalii unamjua kwa lipi?

Ujumbe mlionitumia wasomaji mara hii umeegemea kwenye utafiti wa utalii. Najua kwa nini: wanafunzi wako fildi, na ninyi ndio mnaosumbuliwa na madodoso yao.

Shikamoo mwalimu. Tunaambiwa mwaka 2023 waliingia nchini watalii zaidi ya milioni 1.8. Nina duka Kariakoo na wazungu nawaona wa kuhesabu. Hao wengine wanapita wapi? (Mwenye duka, Mtaa wa Kongo)

Marahaba. Wengi umeshawauzia. Kwa kanuni za takwimu za Umoja wa Mataifa, mtalii wa kimataifa ni mtu aliyetoka nje ya nchi yake na nje ya mazingira yake ya kawaida, akalala huko walau usiku mmoja, kwa muda usiofika mwaka, kwa shughuli yoyote isipokuwa kwenda kuajiriwa na mwajiri wa huko. Biashara imo, msiba umo, matibabu yamo. Kwa hiyo yule mama wa Lubumbashi aliyelala gesti siku tatu akikusanya vitenge, akafunga marobota na kuyapakia, naye ni mtalii kamili. Kenya na Burundi kila mara huwa miongoni mwa nchi zinazotuletea wageni wengi.

Kinachonikera ni kwamba tafiti nyingi ninazozisoma zinaishia kwa simba na fukwe. Mtafiti anamvizia mwenye kofia pana na kamera. Mama wa marobota, ambaye analipa chumba, chakula, bajaji, kuli na wakala wa mizigo, na mwezi ujao anarudi, haulizwi chochote. Kijana anayetafuta mada ya shahada aje Kariakoo na daftari, kazi ipo.

Mimi Mchaga, naishi Tabata. Desemba naenda Moshi kuhesabiwa kama wenzangu. Mke wangu anasema huo ni utalii wa ndani, mimi nakataa. (Baba wa watu, Tabata)

Shemeji ameshinda, mnunulie soda. Kutembelea ndugu ni lengo linalotambuliwa kabisa, ilimradi ulale. Ukienda na kurudi siku hiyohiyo wewe ni mtembezi tu, ingawa kwa Moshi hiyo itakuwa adhabu.

Mwalimu, msimamizi wangu anataka wahojiwa 384 wa Coco Beach kwa ajili ya tasnifu ya tabia za watalii wa ndani. Kwa nini 384? Nikipata 150 nimefeli? (Mwanafunzi, Mwenge)

Hiyo 384 inatoka kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, linaloonyesha uhoji watu wangapi kulingana na ukubwa wa kundi lako. Ukilishuka mpaka penye watu milioni moja unaikuta. Hesabu yake ni fupi: 1.96 kipeo cha pili, zidisha kwa 0.25, gawanya kwa 0.05 kipeo cha pili (hiyo 0.05 ndiyo kiwango cha kosa unachokikubali, asilimia tano). Ukipenda fomula ya Yamane, nyingine ya kazi hiyohiyo, utapata kama 400, na tatizo litabaki lilelile.

Tatizo ni hili: hesabu hiyo inadhani kila mtu wa kundi lako alikuwa na nafasi sawa ya kuulizwa. Wewe Jumapili jioni utamfuata nani? Utawafuata waliokaa wanasubiri mihogo, kwa sababu hawana pa kukimbilia. Walioko majini, mama anayefukuzana na watoto na wapenzi waliokukunjia uso hawamo. Ukiwapata 384 wa mihogo, umewajua vizuri wala mihogo.

Afadhali 150 waliopatikana kwa utaratibu. Gawa muda wako: siku za kazi na wikiendi, asubuhi na jioni. Simama sehemu moja, muulize kila mtu wa kumi anayepita, na andika waliokataa ni wangapi. Hayo yote yaeleze kwenye Sura ya Tatu, ile ya mbinu za utafiti, ukitaja wazi kiwango cha kosa kinachokuja na idadi ndogo. Mbele ya msimamizi nenda na mpango huo mkononi, usiende kulalamika.

Na kama dodoso lako lina lile swali la “Je, utarudi tena?” liondoe. Kwa adabu zetu nani atakujibu hapana? Uliza mara ya mwisho alikuja lini, na nani, na alitumia shilingi ngapi.

Naendesha boti ya kwenda Bongoyo. Kila mwaka wanakuja na fomu, wanaondoka, majibu hatuyaoni. Naweza kukataa? (Nahodha, Msasani)

Unaweza, na hudaiwi sababu. Kwanza omba barua ya utambulisho. Kwa kawaida inapitia mkoani na wilayani hadi serikali ya mtaa. Mtafiti wa kigeni anatakiwa awe na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Lakini, nahodha, mimi ningekubali kwa sharti: akimaliza alete ukurasa mmoja wa Kiswahili, kwa sababu tasnifu yenyewe itaandikwa Kiingereza na kulala maktaba. Tena mwulize atakuja mara ngapi. Anayehesabu abiria wako wakati wa kusi tu, kisha akaandika kuhusu mwaka mzima, hajui kwamba kaskazi ni biashara nyingine.

Nina hoteli ndogo Mbezi Beach. Wageni wakijaza fomu wote wanapenda mazingira, ila taulo wanatupa sakafuni kila asubuhi lifuliwe. Ni wanafiki? (Mama mwenye hoteli)

Hapana, dada. Wako likizo. Mwaka 2008 watafiti Goldstein, Cialdini na Griskevicius walichapisha jaribio la hoteli moja Marekani. Kadi ya chumbani iliyowaomba wageni waokoe mazingira ilifanya kama asilimia 35 warudie kutumia taulo lilelile. Iliyosema wageni wengi wa hapa hurudia ilifikia kama 44. Hawakugawa dodoso, walihesabu mataulo. Nawe mwambie mhudumu wa vyumba aanze kuhesabu wiki hii, kabla hujabandika kadi yoyote, upate cha kulinganishia. Na usiandike “wengi hurudia” mpaka hesabu yake ionyeshe hivyo.