Usiiache safu nje ya fanksheni

Ndugu yangu wa Mkoani, umeuliza kwa nini programu yako ya lugha ya Julia ya kukokotoa maji kujaa na kupwa inajikokota, ilhali hesabu zenyewe ni za kosaini tu. Tatizo ni ile safu (orodha ya namba) `kina` uliyoiweka nje ya fanksheni, kila fanksheni ikaichota huko. Kigeu cha nje kinaweza kubadilishwa aina wakati wowote: sasa hivi namba, baadaye maandishi. Kompaila, inayogeuza programu kuwa lugha ya mashine, haiwezi kujua mapema kigeu hicho kinashika nini, kwa hiyo kila mzunguko wa kitanzi aina inakaguliwa upya. Hapo ndipo muda unapoliwa.

Ipitishe kama hoja, yaani uikabidhi fanksheni unapoiita: `bamvua(kina, t)`. Usiogope ukubwa wake, Julia hainakili safu ukiipitisha, inatumia ileile. Ila ukiibadilisha ndani, na ya nje imebadilika, tafadhali kuwa mwangalifu sana hapo. Kisichobadilika, kama kipindi cha saa 12.42 cha wimbi kuu la mwezi, kiandikie `const`.

Halafu pima kwa `@time` mara mbili, maana ile ya kwanza huhesabu na muda wa kukompaili. Tazama na kumbukumbu iliyotumika, ikishuka, umepatia.