Kuchagua Pikapu Iliyotumika ya Kuvuta Karavani ya Kwanza ya Familia

Tuliponunua karavani yetu, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama Kampala, nilianza kutafuta gari la kuivuta siku ileile, kabla sijajua uzito wake wa kweli. Mwenye nayo alinitajia kilo 1,100. Baada ya kuijaza maji, mtungi wa gesi, magodoro na nguo za watoto watatu, tuliivuta kwa gari la shemeji yangu hadi kwenye ghala moja la kahawa karibu na Masaka, tukaifungua na kuiacha juu ya mizani ya malori, nayo ikasoma kilo 1,480. Ndiyo maana namsihi mzazi yeyote anayeanza safari za namna hii apime kwanza karavani ikiwa imejaa, ndipo aende kwenye bondi za magari, yaani yadi za kuuzia magari yaliyotumika kutoka nje, kule Nakawa, Kampala.

Uzito huo ndio unaoonyesha kama breki za gari zitatosha. Pikapu nyingi haziruhusiwi na watengenezaji kuvuta zaidi ya kilo 750 iwapo trela haina breki zake yenyewe, hata kama zinaruhusiwa tani mbili na zaidi trela likiwa nazo. Vilevile, karibu sehemu ya kumi ya uzito wa trela hukandamiza nyuma ya gari. Kwetu ni takriban kilo 150, ambazo lazima zihesabiwe pamoja na abiria na mizigo yote iliyomo ndani ya pikapu.

Kuhusu injini, nilivutiwa sana na Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ambayo mafundi wetu wanaifahamu vizuri. Hata hivyo, injini hiyo haina turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na Kabale karibu mita 2,000, nasi tulitaka hasa kuwapeleka watoto Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale. Tukaamua kutafuta Hilux ya dizeli ya lita 3.0 yenye turbo na milango minne.

Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza. Tangu 2018 sheria inazuia kuingiza nchini Uganda gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, hivyo pikapu ya zamani kuliko hapo, kwa kawaida, imekwisha kufanya kazi katika barabara zetu kwa miaka mingi, na kazi yenyewe mara nyingi ni kubeba matoke, saruji au mchanga. Hesabu vipande vya springi za nyuma: vikiwa vimeongezwa, gari hilo limebeba kupita kiasi. Lala chini ukiwa na tochi, ukague chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, juu ya ekseli ya nyuma na nyuma ya kabini, ukitafuta nyufa, alama za kulehemu na rangi mpya isiyolingana na vumbi la sehemu nyingine. Mimi niliikataa pikapu nzuri sana kwa macho kwa sababu ya mshono mmoja wa kulehemu wenye urefu wa kidole, na sijutii. Gari lililotoka Uingereza, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi kali, likaguliwe kutu kwa makini zaidi.

Fika asubuhi kabla injini haijawashwa, uiguse kuhakikisha ni baridi, kisha utazame moshi wake. Mwombe fundi wako mwenyewe apime injekta zinazopulizia dizeli ndani ya injini, kwa maana kuzibadilisha ni gharama kubwa.

Mwisho, omba kulijaribu gari likiwa na trela. Mwenye Hilux tuliyoinunua alikubali. Tulipanda nalo kilima kirefu, tukasimama katikati, tukaondoka tena bila klachi kunuka, tukashuka kwa gia ya pili, na tulipofika chini nilisogeza kiganja karibu na kila gurudumu kupima joto la breki. Ndipo nikalipa.