Mumeo hajakukataza kusafiri, bibie

"Shangazi, nina miaka 64, nimestaafu na watoto wote wana kwao. Nimekata tiketi ya kwenda Ureno na Hispania peke yangu, wiki tatu. Mume wangu hapendi safari. Tangu aione risiti mkobani mwangu amenuna, hanisemeshi. Goti lake lilipasuliwa mwaka huu, lakini anajiweza. Mke wa mwanangu naye ananitia uchuro, eti nikiugua ugenini watampigia nani. Presha ninayo, ila kidogo tu. Niiache ndoto yangu, au niondoke wanune wapendavyo?"
— Msafiri Aliyechoka

Pole kwa kununiwa. Pole yangu inaishia hapo.

Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali mumeo aliposema usiende, sijapaona. Ninachokiona ni mzee aliyetoka kupasuliwa goti, akakutana na risiti ya safari ambayo hakuwahi kuisikia. Ingekuwa wewe ungecheka? Unasema hapendi safari. Ulimuuliza lini, kabla ya goti au baada yake? Na kama kweli anajiweza, mbona umeona haja ya kunitajia? Mimi niko upande wake, tena bila aibu.

Ndoa za siku hizi ndivyo zilivyo. Watu tusiowajua tunawauliza simuni hoteli ipi ina lifti, mtaa gani una wezi, wanajua mpango wetu mpaka saa ya ndege. Tunayelala naye anaarifiwa na karatasi. Wanaume nao wamo, wanakopa kimyakimya mpaka mdai agonge mlango. Lakini leo aliyeniandikia ni wewe.

Usinielewe vibaya, umri wako haunitishi. Ida Pfeiffer, mwanamke wa Austria, alianza kusafiri peke yake mwaka 1842 akiwa na miaka 44, wanawe wakiwa wamekua, na baadaye akaizunguka dunia mara mbili. Naye aliwaficha jamaa zake: aliwaaga kwamba anakwenda kumwona rafiki Constantinople (Istanbul ya leo), kumbe nia yake ni Nchi Takatifu. Ila huyo hakuacha mgonjwa wa goti chumbani.

Sasa hiyo "presha kidogo". Presha ni presha, mwenzangu. Fomu ya bima ya safari itakuuliza maradhi uliyonayo, na kwa umri wako bei hupanda, ndiyo maana wengi hunyamaza. Ukinyamaza, kampuni inapata sababu ya kukataa kulipa siku utakayolazwa. Mficha maradhi kilio humuumbua. Kama unaingia huko kwa viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, bima yako lazima ifike angalau euro 30,000, za matibabu pamoja na kurudishwa kwenu ukizidiwa. Hapo mkweo alikuwa anauliza jambo la maana, wewe ukasikia uchuro.

Dawa zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Sanduku kubwa linaweza kuchelewa kufika. Ndegeni usijikunyate kitini safari nzima. Inuka, tembea, nyoosha miguu, maana damu huganda miguuni kwa kukaa mno, na umri huongeza hatari hiyo. Mwone daktari kabla hujaondoka, tena umwambie yote, usimpunguzie kama ulivyonipunguzia mimi.

Usiku wa leo mwekee mumeo tiketi mezani. Muombe radhi kwa kumficha, safari yenyewe usiiombee radhi, kisha nyamaza umsikilize. Huenda atasema alitamani mwende wote goti likipona. Ikiwa hivyo, sogeza tarehe, na faini ya kubadilisha tiketi uilipe wewe. Akikwambia nenda, mwachie nakala ya pasipoti na anwani ya kila hoteli, na mpange saa ya kupigiana simu. Karatasi za bima mpe mkweo, yeye ndiye atakayepiga simu.